102 na 104: tarakimu moja inayomeza sauti

Redio iko mezani, sindano imekaa 98. Inachachatika kama samaki kwenye mafuta, kama zilivyo sehemu zote za mkanda zisizo na kituo. Pembeni yake kuna kibodi (bodi ndogo ya saketi) kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Betri zinaunganishwa, bisibisi ya plastiki inazungusha trima (kapasita ndogo ya kurekebisha) taratibu, na ghafla ule mchachatiko unakatika.

Kimya.

Anayejenga maikrofoni ya FM, yaani ile inayorusha sauti bila waya hadi kwenye redio, hukingoja kimya hicho kuliko kitu kingine chochote. Maana yake redio imeshika wimbi, na wimbi hilo linatoka kwenye kile kibodi. Sasa saa ya ukutani inasogezwa karibu na maiki. Tiki-tiki haisikiki. "Haloo, haloo." Hakuna. Puliza maiki. Hakuna.

Wimbi lipo, sauti haipo.

Vipuri ni vipya na mchoro umefuatwa mstari kwa mstari. Kosa liko kwenye kapasita mbili, vidonge viwili vya kauri vya rangi moja na umbo moja. Kimoja kimeandikwa 102, kingine 104, na vimekaliana nafasi.

Kurekebisha ni dakika tano za pasi ya risasi. Kilichonikaa kichwani wiki kadhaa ni swali jingine: kwa nini saketi haikufa kabisa? Kapasita moja imezidi mara mia, nyingine imepungua mara mia, na bado nusu ya kazi inafanyika kwa usahihi, kana kwamba hakuna kilichoharibika.

## Saketi yenyewe

Ni ile ya transista moja ambayo karibu kila anayeanza amewahi kuiona, kwa hiyo naitaja haraka pamoja na thamani nitakazozirudia hadi mwisho.

Umeme ni volti 3, betri mbili za AA. Maiki ni ya elektreti, kile kidonge cha bati chenye miguu miwili. Mguu chanya unapata umeme kupitia rezista ya kiloomu 4.7, na mguu hasi, yaani ule uliogusana na bati la nje, unakwenda ardhini, yaani upande hasi wa betri. Kutoka mguu chanya sauti inavuka kapasita ya 104 na kuingia kwenye besi ya transista, mmoja wa miguu yake mitatu; mingine ni emita na kolekta. Besi hiyo inapata umeme wake kupitia kiloomu 47, na ina kapasita ya 102 inayoshuka ardhini. Emita inashuka ardhini kwa omu 470. Kati ya kolekta na emita kuna kapasita ya pikofaradi 5 hivi, inayorudisha sehemu ya wimbi ili mtetemo unaozaa wimbi hilo usife. Kolekta inapanda kwenye chanya kupitia koili ya mizunguko 5 iliyofungwa sambamba na trima ya pikofaradi 5 hadi 30. Mwisho kuna kapasita ya 103 kati ya chanya na hasi, jirani kabisa na koili, na waya wa sentimita 15 kuwa antena.

Transista iwe NPN (aina ambayo kolekta yake inaelekea chanya) yenye kasi. 2N3904 na BC547 zinatosha. S9018, inayopatikana ndani ya redio nyingi ndogo za Kichina zilizokufa, ni bora zaidi kwa sababu iliundwa kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya aina hii.

Miguu ndiyo mtego. Uso bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, kutoka kushoto 2N3904 ni emita, besi, kolekta. BC547 ni kinyume chake: kolekta, besi, emita. C1815 ina kolekta katikati. Halafu 2N2222 ya plastiki ina mipangilio miwili: PN2222 inaanza na emita, P2N2222 inaanza na kolekta. Hapo usibahatishe, pima kwa mita.

## Tarakimu ya tatu inahesabu sifuri

Kapasita ndogo za kauri husomwa kwa pikofaradi. Tarakimu mbili za kwanza ni namba, ya tatu inakwambia sifuri ngapi zifuate. 102 ni kumi na sifuri mbili: pikofaradi 1,000, yaani nanofaradi 1. 103 ni nanofaradi 10. 104 ni nanofaradi 100, ambayo kwenye michoro mingine imeandikwa maikrofaradi 0.1. Mpaka hapo watu wengi wako salama.

Wanapotelea kwenye 100.

Jicho linaona mia moja, lakini kidonge kinasema kumi, bila sifuri ya kuongeza: pikofaradi 10. Pikofaradi mia ni 101. Vivyo hivyo 220 ni 22, na 470 ni 47. Zenye tarakimu moja au mbili tu, kama 5 au 22, husomwa zilivyo. Ukiona 4p7 au 4R7, herufi imekaa mahali pa nukta: 4.7. Na ukikutana na 479 usishtuke. Tisa ya mwisho ina maana zidisha kwa 0.1, kwa hiyo nayo ni 4.7.

Herufi inayofuata namba haina uhusiano na ukubwa. J ni kosa linaloruhusiwa la asilimia 5, K ni 10, M ni 20. Kwa hiyo 104K haina kilo ndani yake, wala 102M haina mega. Kwenye kapasita za plastiki utakuta 2A104J, na wapo wanaodhani inabeba ampea 2. 2A ni namna ya kuandika volti 100, na 1H ni volti 50.

Kuna alama moja zaidi ambayo wauzaji wengi hawaijali: kidonge chenye kichwa kilichopakwa rangi nyeusi. Hiyo ni kauri ya NP0, ambayo thamani yake haiyumbi joto likibadilika. Kapasita ya pikofaradi 5, na yoyote utakayoiweka sambamba na koili, iwe ya namna hiyo. Kauri ya Y5V, aina nyingine, inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kati ya baridi na joto. Kwa kuchuja umeme wa betri inavumilika. Kwenye koili itakufanya uamke asubuhi ukikuta kituo chako kimehama.

## Kimya kile kilitoka wapi

Rezista ya omu 470 ni omu 470 kwa betri, kwa sauti, na kwa takriban chochote utakachoipitishia hapa. Kapasita haiko hivyo. Upinzani wake unashuka kadiri masafa yanavyopanda.

Chukua 102. Kwa megahezi 100, upinzani wake ni kama omu 1.6: ni waya tu. Kwa sauti ya kilohezi 1 ni kiloomu 159: ni ukuta. Sasa chukua 104. Kwa kilohezi 1 hiyo hiyo, ina kiloomu 1.6 tu.

Kazi ya 102 kwenye besi ni kuikanyaga besi chini, yaani kuiunga na ardhi, kwa upande wa redio, huku ikiiacha huru kwa upande wa sauti. Besi isipokanyagwa, transista haitetemi sawasawa. Kazi ya 104 ya maiki ni kuvusha sauti huku ikizuia umeme wa moja kwa moja wa maiki usichanganyike na ule wa besi.

Zikibadilishana nafasi, kwa upande wa redio hakuna kilichoharibika. 104 nayo inaikanyaga besi, pengine kwa nguvu zaidi. Mtetemo unaanza, wimbi linatoka, redio inanyamaza. Lakini sauti inapita kwenye 102, halafu inakuta 104 inayoshuka ardhini. Zinagawana kama mia kwa moja. Milivolti 10 za maiki zinafika kwenye besi zikiwa milivolti 0.1.

Ndiyo maana haikufa. Upande mmoja wa saketi ulikuwa mzima kabisa.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na mashaka na namna tunavyofundishana kusoma vipuri. Tunakariri sifuri tatu, sifuri nne, halafu tunaamini tumejua thamani. Anayesoma 104 bila kuuliza "kwa masafa gani?" anajua jina la kipuri, hajajua kazi yake.

Ukilishika hilo, makosa yanaanza kujieleza yenyewe kwa sikio. Ukiweka 104 mahali pote pawili, sauti inafika lakini kama mtu anayesemea chini ya godoro. Kugonga meza kunasikika dum, ila maneno hayashikiki, kwa sababu kila kilicho juu ya hezi 400 hivi kinamezwa. Ukiweka 100 kwenye besi ukidhani ni mia, upinzani wa pikofaradi 10 kwa megahezi 100 ni kama omu 159, kwa hiyo besi haijakanyagwa vizuri. Mtetemo unasitasita, unashika leo na kukataa kesho, au unazima betri ikichoka kidogo.

## Njano, zambarau, na matatizo

Angalia rezista tatu za saketi hii: 470, 4.7k, 47k. Zote zinaanza na njano na zambarau. Kinachozitenganisha ni mstari wa tatu tu: kahawia kwa 470, nyekundu kwa 4.7k, machungwa kwa 47k. Chini ya taa ya manjano, kwenye rezista ya bei rahisi ambayo rangi yake imeungua kidogo, hizo ni rangi tatu zinazofanana kuliko zote.

Mchoraji angeweza kuchagua 390, 4.7k na 56k na saketi ingefanya kazi vilevile. Ningependa michoro ya wanaoanza ichorwe hivyo.

Kila kosa lina dalili yake. 4.7k ikikaa mahali pa 47k, besi inashiba kupita kiasi. Emita inapanda hadi volti 2 na ushei, kati ya kolekta na emita hakubaki hata volti moja, na mtetemo unakosa nafasi. 47k ikikaa kwenye emita, mkondo unashuka hadi kama miliampea 0.05: saketi imekufa. 47k ikikaa kwenye maiki, maiki inanyimwa umeme. Elektreti ina transista ndogo ndani yake inayotaka kama miliampea 0.3. Kwa kiloomu 4.7 hiyo inakula volti 1.4 na maiki inabakiwa na zaidi ya volti 1.5. Kwa kiloomu 47 hesabu haiwezekani kabisa, na sauti inatoka nyembamba kama ya mbu.

Rezista za buluu zenye mistari mitano ni afadhali na ni balaa. Tarakimu ni tatu, mstari wa nne ndio sifuri, wa tano ni kosa. Kiloomu 10 ni kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia. Sasa igeuze: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia. Hiyo ni omu 120, thamani halali inayouzwa dukani. Mstari wa mwisho hupaswa kuachana kidogo na wenzake ili ujue upande wa kuanzia, lakini kwenye mwili wa milimita sita nafasi hiyo haionekani.

Zinazoanza na njano zinajitetea. 470 ya mistari mitano ukiisoma kinyume unapata omu bilioni moja, na hapo hata mwenye usingizi anajua amegeuza.

Kuhusu hiyo 47 yenyewe, watu huuliza kwa nini isiwe 50. Mfululizo unaotumika ni 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82. Kila moja inaizidi iliyotangulia kwa kama asilimia 20, ili rezista yenye kosa la asilimia 10 juu ikutane na ya pili yenye asilimia 10 chini. Kwa hiyo mchoro ukisema 47k na una 39k au 56k, endelea. Saketi hii haitagundua.

Kabla ya kuchomelea, pita kila rezista kwa mita. Usishike miguu yote miwili kwa vidole, mwili wako nao ni rezista. Kwa kapasita za pikofaradi chache mita nyingi zinashindwa. Vile vipima vipuri vya bei nafuu huanza kusoma kwenye pikofaradi 25 hivi. Njia ya mtaani ni kuifunga sambamba na ya 101 uliyokwisha kuipima, kisha ukatoa.

## Kipuri ambacho mchoro haukichori

Nilipofika kwenye koili, swali langu liligeuka. Kama thamani iliyoandikwa inahitaji masafa ili iwe na maana, je, ile isiyoandikwa kabisa?

Vingirisha waya wa shaba wa milimita 0.6, ule wenye vanishi unaotolewa kwenye mota zilizoungua, mizunguko 5 juu ya biti ya drili ya milimita 5. Hesabu yake ni hii: kipenyo mara kipenyo, mara mizunguko, mara mizunguko tena. Gawa kwa jumla ya 457 mara kipenyo na 1,016 mara urefu wa koili. Vipimo viwe milimita, jibu litakuwa maikrohenri. Kipenyo kipimwe katikati ya waya, yaani 5.6.

Ukiivuta koili iwe na urefu wa milimita 5 unapata kama maikrohenri 0.1. Ikiwa na jumla ya pikofaradi 25, inatetema kwenye megahezi 99. Ibane hadi milimita 3, mizunguko ikigusana, inashuka hadi 85. Ivute hadi milimita 8, inapanda hadi 117. Waya ni ule ule, mizunguko ni ile ile, trima haijaguswa. Ukucha wa kidole gumba umekutembeza mkanda mzima wa FM na kukuvusha ng'ambo.

Kumbuka nimesema jumla ya pikofaradi 25. Trima haitoi zote. Transista yenyewe ina pikofaradi 4 hivi ndani yake, ile ya 5 inachangia, njia za shaba zinachangia. Kwenye bodi ya kuchomeka, zile za matundu, kila mstari na jirani yake ni kapasita ya pikofaradi kadhaa ambayo hukuinunua. Kwa sauti haina neno. Kwa megahezi 100 ni kama kuongeza vipuri vinne ambavyo mchoro hauvijui. Tumia kipande cha bodi ya shaba, vichomelewe juu yake kwa miguu mifupi.

Mifupi maana yake mifupi. Mguu wa kipuri ni koili ya kama nanohenri 1 kwa kila milimita. Ukiiacha ile 102 na miguu miwili ya milimita 15, umeipa nanohenri 30, ambazo kwa megahezi 100 ni omu 19 hivi. Kapasita yenyewe ilikuwa omu 1.6. Miguu imekuwa kipuri, kidonge kimekuwa pambo.

Halafu kuna mkono.

Sauti inaingiaje kwenye masafa? Volti ya besi inapoyumba, uwezo wa kapasita uliomo ndani ya transista, kati ya kolekta na besi, unayumba nao, na masafa yanafuata. Kituo cha FM huyumbisha wimbi lake hadi kilohezi 75 kila upande. Ukipiga hesabu kwenye megahezi 100 na pikofaradi 25, kuyumba huko kunatokana na badiliko la pikofaradi 0.04.

Sifuri nukta sifuri nne. Hiyo ndiyo sauti yote, kuanzia mnong'ono hadi kelele.

Mkono unaoikaribia koili unaweza kuleta nusu pikofaradi bila kugusa kitu, na hiyo ni megahezi 1 nzima. Kwa hiyo mtu anarekebisha trima kwa bisibisi ya chuma, anapata kituo safi, anaondoa mkono, kituo kinapotea. Anarudisha mkono, kinarudi. Saketi haina ugonjwa wowote. Alikuwa ameifunga akiwa yeye mwenyewe ni mmoja wa vipuri. Chonga kijiti cha mwanzi au kata kipande cha plastiki ngumu kiwe bisibisi, na antena iungwe mzunguko mmoja kutoka upande wa chanya wa koili badala ya kwenye kolekta. Nguvu itapungua kidogo, lakini kuigusa antena hakutakuhamisha mbali.

## Pima kwanza, sikiliza baadaye

Wengi huunga betri na kukimbilia redio. Mambo yakigoma hawajui waanzie wapi, kwa sababu mambo manne yangeweza kuwa mabovu kwa pamoja.

Anza na mkondo. Mita ikae kati ya betri na saketi, na ile 103 ibaki upande wa saketi. Utegemee miliampea 3 hadi 4. Sifuri au chini ya 1 ni lehemu isiyoshika, transista iliyogeuzwa, au vanishi ambayo haikukwanguliwa kwenye waya wa koili. Hii ya vanishi ndiyo inayoongoza, kwani waya unaonekana umeshika lakini risasi imekumbatia juu juu tu. Tumia msasa mpaka shaba ing'ae. Ikizidi 10, kuna mahali pamegusana au rezista ya emita si yenyewe.

Kisha gusa koili kwa kidole. Tarakimu lazima isogee, hata kama ni kidogo. Ikisogea, saketi ilikuwa inatetema na wewe umeizima. Isiposogea, haitetemi, na hakuna sababu ya kuwasha redio. Angalia kapasita ya pikofaradi 5 na ile ya besi.

Redio ya sindano ni bora kuliko ya tarakimu kwa kazi hii. Ya tarakimu inaruka kwa hatua na inaweza kulipita wimbi lako, tena lisilotulia. Na weka saa, si mdomo wako, mbele ya maiki. Redio ikiwa karibu na wewe ukiongea, sauti inazunguka na kupiga mluzi. Mluzi huo ni habari njema, lakini hauwezi kupima chochote ukiwa ndani yake.

## Redio inaweza kukudanganya

Hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kuacha.

Redio nyingi za kawaida hugeuza kila kituo kuwa megahezi 10.7 kwa kukichanganya na mtetemo wake wa ndani ulio juu ya kituo kwa kiasi hicho. Tatizo ni kwamba wimbi lililo juu ya mtetemo huo kwa 10.7 nalo linaingia. Redio ikiwa 88, mtetemo wake ni 98.7, na wimbi la 109.4 linapenya. Wimbi lako liko sentimita hamsini kutoka kwenye redio, kwa hiyo lina nguvu ya kutosha.

Unasikia saa ikigonga kwenye 88, unafurahi. Kumbe unarusha 109.4.

Kuanzia 108 hadi 137 ni masafa ya ndege. Chini ya 118 kuna mitambo inayowaongoza marubani kwenye njia ya kutua, na juu yake ni mazungumzo yao na mnara. Ile koili iliyovutwa hadi milimita 8 ilikuwa 117. Hakuna taa itakayowaka kukuonya.

Kinga yake ni rahisi: ingia kutoka chini. Bana koili, kaza trima hadi mwisho ili uwe chini ya mkanda, weka redio mahali pasipo na kituo, kisha panda polepole. Mara ya kwanza redio inaponyamaza, hapo ndipo ulipo kweli, kwa sababu ile ya uongo iko megahezi 21.4 juu. Anayeanza na koili iliyovutwa na kushuka, anakutana na ya uongo kwanza.

Na masafa yana mwenyewe, mamlaka ya mawasiliano ya nchi: Tanzania ni TCRA, Kenya ni CA, na kurusha bila ruhusa yao si jambo la kuzoea. Ulaya vifaa vidogo vya namna hii vimewekewa kikomo cha nanowati 50. Saketi hii inakula miliwati kama 10, kwa hiyo hata ikitoa sehemu ndogo tu inaweza kuvuka kikomo hicho mara nyingi. Jaribu bila antena kabisa. Ndani ya chumba koili peke yake inatosha, na kwa kujifunza hakuna kinachokosekana. Sentimita 75, robo ya wimbi, ambazo watu hupenda kushauriana, ziache. Na kuificha chumbani kwa mtu mwingine ni kosa la aina nyingine kabisa ambalo halihusiani na vipuri.

## Nta

Saketi ikishasimama, gonga meza. Ukisikia mlio wa ting kwenye redio badala ya dum, koili inacheza. Mizunguko inatikisika kwa nywele moja na kila mtikisiko ni masafa mapya. Dondoshea nta ya mshumaa katikati ya mizunguko, iache ipoe kabisa. Nta nayo inaongeza uwezo wa kapasita kati ya mizunguko, kwa hiyo utashuka kidogo. Rudisha kwa trima.

Kisha funga kwenye kiboksi cha plastiki, kwani bati litakuhamisha mbali. Ukifunika kifuniko utahama tena. Toboa tundu dogo juu ya trima kabla ya kufunga, ili kijiti kiingie huku kifuniko kikiwa mahali pake. Rekebisha ukiwa umeshikilia kwa pembe, mkono mbali na koili. Ondoa kijiti, subiri betri na transista zitulie kama dakika mbili, halafu sikiliza saa.